Mtani alivaa koti la marehemu

Vijana walikuwa wanahangaika na kamba ya mwisho ya turubai, mwili bado uko mochwari, ndo Mtani akatokea chumbani kwa baba mdogo kavaa koti la baba mdogo. Lile koti la kaki lenye mifuko minne ambalo marehemu alikuwa analivaa hata mwezi wa pili, Mbagala, jua la utosi, watu wanavua mashati yeye anafunga vifungo. Miwani nayo kaivaa, imeshuka mpaka ncha ya pua. Mkono mmoja kauweka nyuma kiunoni, akaanza kutembea vilevile alivyokuwa anatembea mwenyewe, kifua kinatangulia miguu inakuja baadaye, anapita anakagua viti vya plastiki kimoja kimoja.

"Hivi tumekodi au tumeazima?"

Wamama waliokuwa wanachambua mchele wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika.

"Nauliza, tumekodi au tumeazima? Maana mimi kufa sikuweka kwenye bajeti."

Akafika kwenye mkeka wa wafiwa, akachuchumaa mbele ya mama mdogo, akanusa hewani. "Mke wangu, nasikia harufu ya pilau. Mwaka mzima mnanilisha dagaa, leo nimekufa ndo mnapika pilau? Si mngeniambia mapema, ningekufa zamani."

Mkeka mzima ukapasuka. Bibi mmoja wa jumuiya akaangusha rozari yake akashindwa kuiokota. Mama mdogo peke yake ndo hakucheka, alikuwa anaangalia tu lile koti.

Mara mdogo wangu, mtoto mkubwa wa marehemu, akaja kutokea getini. Hakupiga kelele. Alimwambia Mtani kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

"Mama, tunaomba ustaarabu. Baba yangu sio kikaragosi."

Kimya.

Mtani hakubishana naye. Akavua miwani, akaikunja. Akavua koti, akakutanisha mabega, akalikunja mara mbili, akampa mkononi. Akajifunga khanga yake vizuri, akaenda zake nyuma kusugua masufuria.

Ni wiki kadhaa sasa. Nimejaribu kuandika vitu vingine hapa imeshindikana, kila nikikaa najikuta nabishana kichwani na watu wawili ambao wote nawapenda.

Genge lenye ukuta

Jina lake la kwenye kitambulisho nalijua ila hata nikiliandika mtaani kwetu hawatajua namzungumzia nani. Ni Mtani. Watoto wanamwita Bibi Mtani, mwenyekiti wa mtaa anamwita Mtani, na wateja wa Kipare na Kihaya ambao kwa haki hawana utani naye wowote nao wameshazoea, Mtani nipimie vitunguu.

Ana genge. Nyanya za mafungu, vitunguu, bamia, dagaa wa Mwanza, mkaa wa kopo. Nyuma ya genge kuna ukuta wa nyumba ya mtu mwingine kabisa ila ndo daftari lake, madeni yote anayaandika pale kwa kipande cha mkaa, na hajawahi kuandika jina la mtu. Anaandika Baba Kesho. Anaandika Mke wa Bosi. Anaandika Nusu Nusu, huyu ni dereva bodaboda mmoja ambaye kila kitu ananunua nusu. Mtaa mzima unajua nani ni nani, na bado hakuna mwenye haki ya kusema ameaibishwa, maana jina lake halipo. Ukitaka kufutwa unalipa. Siku moja nilikuwepo Baba Kesho alipokuja asubuhi na hela mkononi, anaongea kwa kunong'ona, "Mtani nifute bwana, mtoto wangu ameanza kujua kusoma."

Ungesikia genge lingine mtaa wa pili, deni la mboga linaisha kwa watu kuitana wachawi. Kwa Mtani sijawahi kusikia ugomvi wa hela, na anakopesha kuliko wote.

Kitu ambacho watu hawakijui kuhusu mtu mcheshi ni kwamba muda mwingi kanuna. Kaa na Mtani kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, utasikia magoti, utasikia bei ya tenga la nyanya, utasikia mgambo, mkwe wake, umeme. Analalamika mwanzo mwisho. Alafu katikati ya malalamiko linatoka neno, na yeye mwenyewe hacheki, anaendelea kupanga nyanya, wewe ndo unabaki unajishika mbavu. Mi huwa nina wasiwasi na watu wanaoanza kucheka kabla stori yao haijaisha, sijui kwa nini, ila Mtani kwa hilo simpati.

Mimi ananiita mjukuu wa mpagazi. Ilianza zamani nikiwa kijana, napita na ndoo ya maji kichwani nahema, akaniangalia wee akasema, "Ndoo moja? Babu yako kabeba pembe la ndovu mpaka Bagamoyo, wewe ndoo moja kutoka hapo bombani unatafuta pumzi."

Zamu yake

Sisi Wanyamwezi, yeye Mzaramo. Kwa watu wa huku nimeshamaliza kueleza. Kwa ndugu zangu wa Mombasa na Bujumbura mnaopita hapa, kwa kifupi ni kwamba karne ya 19 watu wetu ndo walikuwa wanabeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, Tabora ya leo, kama kilomita 800 kwa miguu mpaka pwani, na wakikaribia kufika wanakatiza kwa Wazaramo. Miezi njiani. Watu wanaumwa, wengine wanakufa. Na mtu akifia ugenini, ukoo wake uko mbali huko, nani anamzika? Aliyekuwepo hapo ndo anamzika. Utani wetu ulizaliwa humo. Reli ilipofika Tabora 1912 ile kazi ya kubebesha watu mabegani kwa safari ndefu ikafa, utani haukufa. Makabila mengine utani wao ulitokana na vita, Wangoni na Wahehe walichinjana kwelikweli karne hiyohiyo, leo wanaitana majina msibani na hakuna anayenyanyua fimbo.

Wazungu wa ukoloni hii kitu iliwachanganya. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliwaacha ndege wake kidogo miaka ya 1940 akaandika kuhusu utani wa Tanganyika. Naye Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, makala yake ya 1940 ilieleza kwamba huu ni uhusiano ambao desturi inamruhusu mtu kumtania mwenzake, na mahali pengine inamlazimu kabisa, na huyo mwenzake naye anatakiwa asikasirike.

Hapo kwenye kulazimika ndo panaponikaa. Wageni wengi pale msibani, hasa wale wa kazini kwa marehemu, walidhani yule mama ana kihoro au kanywa. Hawakujua kwamba yuko zamu. Alifika saa kumi na moja alfajiri kabla ndugu wa damu hatujapata usafiri, akafagia uwanja, akachota maji, akawaonyesha vijana wapi turubai lifungwe ili mvua ikinyesha maji yasiingie ndani. Koti lilikuja baadaye, na lenyewe ni sehemu ya kazi ileile.

Ila sasa mkataba una pande mbili. Upande wa pili unatakiwa usikasirike, na mdogo wangu alikasirika. Wazee wawili watatu walimlaumu chinichini, mtoto wa mjini huyu, hajui mila. Mi nikawa najiuliza, angezijuaje? Kazaliwa Dar es Salaam, kasoma bweni, likizo anakuta wazazi wako kazini. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumkalisha akamwambia kuna watu siku baba yako akifa watakuja kumuigiza na wewe utatakiwa uvumilie. Unambebeshaje mtu mkataba wa babu zake siku hiyohiyo anayofiwa na baba?

Na kiukweli hata angeambiwa, bado.

Kicheko sio ushahidi

Jibu rahisi lililotembea kwenye grupu la ukoo ni kwamba si watu walicheka? Wakicheka maana yake wamefarijika. Mi hapo nikakwama, nikakumbuka Kashasha.

Kashasha ni huko Kagera, karibu na Bukoba. Januari 30, 1962, Uhuru wa Tanganyika haujatimiza hata miezi miwili, wasichana watatu kwenye shule ya bweni ya misheni walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kikasambaa. Kati ya wanafunzi 159, wakapatwa 95. Wanacheka, wanalia, wanakimbia ovyo, wengine inawachukua masaa, wengine siku kadhaa. Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao na kicheko kikaenda nao vijijini. Madaktari walipima walichoweza, sumu hawakuona, ugonjwa hawakuona. Wengi waliolichambua baadaye wanasema ni msongo, mabinti wamebanwa na masharti ya bweni, na nchi yenyewe inageuka kila mtu anaangalia nini kinakuja.

Hivyo vicheko vyote na hakuna aliyekuwa na furaha.

Kwa hiyo mtu akiniambia mkeka ulicheka, nasikia, ila bado hajaniambia kitu. Unaweza kucheka kwa woga, unaweza kucheka kwa sababu jirani yako kacheka. Upande mwingine sitaki kujifanya sijui kwamba kucheka kuna kazi mwilini, kuna Robin Dunbar na wenzake wa Oxford walitoa utafiti 2011, waliwaonyesha watu vichekesho alafu wakawapima uvumilivu wa maumivu, kwa kuwabana mkono na ule mpira wa kupimia presha au kuwavalisha kitu cha baridi kali, na waliotoka kucheka pamoja walivumilia zaidi. Pamoja, hiyo muhimu. Nayaamini matokeo. Ila mkono uliobanwa na mpira wa presha unajua wenyewe kwamba dakika tano zijazo unaachiwa.

Saa saba usiku

Baada ya lile koti kukunjwa msiba uliendelea kwa ustaarabu. MC akashika ratiba, spika ikawekwa kwaya, watu wakakaa wameangalia chini. Wasifu ukasomwa na jirani mmoja msomi, na ukasema marehemu alikuwa mkarimu, mkono wake wazi kwa kila mtu.

Watu wakaangaliana.

Baba mdogo nilimpenda, Mungu ampumzishe, alinilipia ada kidato cha tano. Ila mkarimu? Baba mdogo alikuwa anahesabu njiti za kiberiti. Alikuwa akikutuma sukari anakwambia bei ya duka la karibu na ya duka la mbali, alafu anakutuma la mbali. Daladala zote za Mbagala Rangi Tatu zilikuwa zinamjua kwa kudai chenji. Sasa pale mbele anaelezewa mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukutana naye, na sisi tunatakiwa kumlilia huyo.

Mama mdogo alikuwa hajala tangu hospitali. Dada zake walimbembeleza, katekista alimbembeleza, na mi nikaenda na neno langu lile la kijinga la jikaze mama, kama vile alikuwa hajikazi. Hakulia pia. Amekaa tu, sahani ya wali mbele yake imepoa mpaka imeshika ukoko juu.

Kama saa saba usiku hivi akanyanyua kichwa akauliza, "Mtani yuko wapi?"

Akaitwa. Akaja kutoka nyuma na masizi mpaka kwenye viwiko, akakaa pembeni yake, miguu kaisogeza mbele kwa ajili ya yale magoti. Hakusema kitu. Akavuta ile sahani kwake, akajifuta mkono kwenye khanga, akamega tonge akala yeye. Akatafuna taratibu.

"Chumvi wameweka kwa kukopa," akasema.

Akala la pili. Alafu bila hata kumwangalia, "Nasikia umegoma kula, unataka kumfuata. Mi nakushauri kama mwenzio, usiende. Mume wako namjua. Huko alikofika atakuwa kalipia kitanda cha mtu mmoja."

Mi nilishika kichwa. Nikasema leo tumekwisha.

Mama mdogo alikaa kimya kwanza. Alafu ikatoka sauti moja ambayo nilidhani amepaliwa, nikanyanyuka, kumbe ni kicheko. Akacheka mpaka akamwangukia Mtani begani, na hapohapo kile kicheko kikageuka kilio, kile kikubwa chenyewe, ambacho kilikuwa hakijatoka tangu tulivyoambiwa pale wodini. Analia na katikati ya kulia anasema, "Na kweli! Na kweli angelipia kimoja! Jamani, angelipia kimoja!"

Mdogo wangu akaja mbio na tochi ya simu akidhani mama yake kazidiwa. Akasimama mlangoni. Akamkuta mama yake machozi yanamtiririka, wali mdomoni, anatafuna.

Akazima tochi akatoka nje.

Nimelifikiria lile neno la kitanda kuliko nilivyofikiria mahubiri yote ya siku ile. Kutwa nzima watu tulikuwa tunampa mama mdogo pole ya mtu mwingine, mkarimu, mtu wa watu, mwenye mkono wazi. Akatokea mmoja akamrudishia wa kwake, bahili wake mwenyewe, aliyeishi naye akagombana naye kwa ajili ya mafuta ya taa, na hapo ndo akapata mtu wa kumlilia.

Na angalia kwamba ni Mtani yuleyule na ubahili uleule. Mchana ulimkata mtoto, usiku ukamfungua mama.

Kesho yake kwenye maziko kule Chanika Mtani alikaa nyuma kabisa, hakuzuia jeneza wala kudai kitu kaburini kama watani wengi wanavyofanya. Ila wabebaji walipolinyanyua wakayumba kidogo kwenye tope, sauti yake ikasikika kutoka nyuma, "Watu sita? Wanyamwezi sita kwa mzigo mmoja? Kweli kizazi kimeharibika." Yule wa nyuma kulia alicheka mpaka nikaogopa anaachia. Mdogo wangu alikuwa mbele kushoto. Yeye hakucheka, nilimwangalia.

Nilikuwa natania tu bwana

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisimlaumu huyu kijana, nayo ni kwamba neno utani limeshikwa na watu wabaya. Nimefanya kazi sehemu, siitaji, ambapo mkuu wetu alikuwa anatania miili ya wadada kwenye kikao, kila kikao, na dada akinuna anaambiwa hana ucheshi, nilikuwa natania tu bwana. Sijawahi kusikia yeye akitaniwa kitambi chake. Siku kijana mmoja wa stoo alijaribu, aliambiwa aandike maelezo.

Simba na Yanga nao tunawaita watani wa jadi, Yanga ya 1935, Simba ya 1936, na zamani ilikuwa raha, ukifungwa unajificha siku mbili unarudi kazini. Siku hizi fungua simu baada ya mechi uone mama za watu wanavyotukanwa, alafu mwisho anaweka kikatuni cha kucheka kwamba ni utani. Mtu humjui, hakujui, ukifiwa kesho hatakuja hata kuosha kijiko.

Marehemu King Majuto, Amri Athumani, alipofariki Agosti 8, 2018, simu yangu ilijaa klipu zake usiku kucha na mi nilicheka hadharani kwenye daladala bila aibu, na nadhani ni kwa sababu kwenye zile klipu mara nyingi mtu wa kuchekwa alikuwa ni yeye. Alijitanguliza. Wengi wa hawa wa sasa wanaorekodi watu masokoni bila kuwaambia, kamera inakuangalia wewe, yeye yuko nyuma ya kamera.

Kwa hiyo kipimo changu kimekuwa kwamba mtu akinitania naangalia kama na yeye anataniwa, kama nikisema basi anaacha, na kama kesho asubuhi atakuwepo. Mtani anaingia kwenye vyote vitatu, hasa kile cha kuacha, ambacho ndo kigumu. Wachekeshaji ninaowajua wengi akishapata kicheko cha kwanza humtoi pale mbele hata kwa askari. Yeye kaambiwa sentensi moja na kijana wa umri wa mwanawe, akavua koti.

Ilivyokuwa kwake

Kuna kitu mdogo wangu hakuwa anakijua, na kusema kweli hata mi nilikuwa nimekisahau mpaka juzi.

Mume wa Mtani alifariki miaka mingi iliyopita, enzi hizo jero, yaani shilingi mia tano, bado ni noti. Msiba wa Kiislamu, mambo ya haraka, asubuhi kafariki alasiri kazikwa, na Mtani yuko ndani kakaa eda, amejifunika, haongei. Sasa zamu ilikuwa yetu. Na kwenye ukoo wetu aliyekuwa anajua kutania ni babu mmoja ambaye alikuwa Tabora anaumwa. Wakaangaliana pale, wakamsukuma baba mdogo.

Baba mdogo! Mtu ambaye hajawahi kuchekesha hata paka. Alisimama na koti lake mlangoni kwa wanawake, kajikausha, jasho linamtoka, watu wote wanamsubiri. Akafungua mdomo, akafunga. Mwisho akasema kitu pekee alichokuwa anakijua.

"Mimi nimekuja kudai jero yangu. Marehemu kaondoka na jero yangu ya vocha. Nani ananilipa?"

Alikuwa anamaanisha. Mpaka leo mi naamini alikuwa anamaanisha, alikuwa kweli anamdai marehemu hela ya vocha na akaona hapa ndo pa kuulizia. Akaendelea, akataja na tarehe. Wanawake wakaanza kugugumia, na kule kwenye kona chini ya ile khanga ikasikika sauti ya Mtani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, anacheka huku anapiga mkeka kwa kiganja, "Huyu mpagazi! Huyu mpagazi jamani mtoeni!"

Kwa hiyo lile koti alivyolivaa, hakulichukua hovyo. Lilishawahi kusimama mlangoni kwake.

Niliandika yote haya kwenye grupu, maana bajeti ya arobaini ilikuwa inajadiliwa, mchele kiasi gani, mbuzi au kuku, na mtu akauliza kama Mtani aalikwe au tuepushe shari. Mdogo wangu alikuwa hajaandika kitu wiki nzima. Akajibu hapohapo.

"Mama alicheka, sawa, na alikula, nashukuru sana. Mimi je? Mimi nilitaka siku moja tu ya kumlilia baba bila mtu kumuigiza. Hiyo siku sikuipata."

Hakuna aliyejibu. Mi nilianza kuandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Ningejibu nini? Mila haina kifungu cha mtu wa hivyo, na Dunbar hana. Alichosema ni kweli na usiku wa mama yake nao ni kweli, vimekaa nyumba moja na sioni kimojawapo kikihama.

Baada ya muda akaandika tena. "Aje. Ila koti asivae."

Nikaenda gengeni kupeleka ujumbe. Mtani alikuwa anapanga bamia, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima kabisa. "Mwambie nimesikia, koti sigusi." Akapanga bamia mbili tatu. "Nitavaa viatu."

Sijamfikishia hiyo sehemu ya viatu.

Jana usiku mdogo wangu akanipigia, sio kwenye grupu, alinipigia mimi. Tukaongea mambo ya mbuzi, usafiri wa Chanika, shemeji. Alafu akiwa anakaribia kukata akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa tu, "Kaka, hivi ile jero baba alilipwa?"

Sikuwa najua. Leo asubuhi nimepita kwa Mtani nikamuuliza. Akaacha kupima mkaa, akanyanyuka na kopo mkononi, kwa hasira kabisa kama jambo la jana.

"Nilimlipa siku eda inaisha! Nikampelekea mwenyewe mpaka kwake, mkononi. Akaigeuza hivi, akaigeuza hivi, akaimulika kwenye taa. Akaniambia imechanika pembeni, nimletee nyingine."